Krenki ya Baba Stanley

Lupembe,
10 Februari 2025

Fundi Lameki,

Kamwene. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatunyanyasa. Barua hii anakuletea Danieli, dereva wa Noah ya abiria. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mwingine hapo gereji. Nakuandikia kwa sababu masikio yangu hayashiki simu. Mjukuu wangu Janeth akiniwekea sikioni nasikia kama mtu anakaanga vitunguu. Na hata kama yangesikia, maneno ya simu mtu anaweza kuyakana kesho yake.

Injini ya Bedfodi ya marehemu mume wangu iko kwako tangu Novemba. Ulipoifungua hapa uani ulisema ni kazi ya wiki chache. Sasa ni Februari, na ninachopata kutoka Makambako ni salamu. Kwa hiyo nataka ujue mimi na wanangu tumefika wapi. Stanley, mkubwa wangu aliyeko Dodoma, anasema lori lisilo na injini ni nyumba ya nyoka. Pasaka anakuja na mnunuzi wa chuma chakavu, wamkate vipande wampakie. Tumebishana mpaka tukakubaliana hivi: Pasaka ikimkuta Bedfodi anatembea, hakuna wa kumgusa. Ikimkuta amelala, nitanyamaza, wamchukue. Nami nikisema nitanyamaza, huwa nanyamaza.

Unaweza kujiuliza mama mtu mzima analilia nini lori lenye umri mkubwa kuliko wanawe. Nikwambie ukweli, miaka yote nilimwita mke mwenzangu. Elius akiamka alimsalimia yeye kwanza, akamfuta umande kwenye kioo, ndipo akaja kunywa chai. Nilimwonea wivu, sifichi. Sasa Elius ana mwaka mzima kaburini, na hapa nyumbani kitu pekee kinachonukia kama yeye ni ile kebini. Wakimkata nitabaki na picha ya ukutani, ambayo hata hakufanana.

Jambo la mwisho. Siku ile ulipoingia ndani kula, mimi na Janeth tulipaka kila kipande ulichokitoa nukta moja ya rangi ya kucha, nyekundu. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha majani ya chai kwa miaka mingi, nikaona vikapu vyenye majani makavu juu na majani ya maji chini, vya watu waliokaa viti vya mbele kanisani. Sisemi nakushuku. Nakwambia tu kwamba nukta zipo.

Mimi,
Ida Mlelwa (Mama Stanley)


Makambako,
15 Februari 2025

Mama Stanley,

Shikamoo mama. Barua nimeipata mkononi, Danieli alikataa hata kuiweka juu ya meza. Naomba samahani kwa ukimya. Nilikuwa sina jipya la kusema, nikaona aibu kukuletea lilelile.

Hali ni hii. Valvu, pampu, hedi, vyote vinatengenezeka. Tatizo ni krenki, kile chuma kirefu chenye mapindo ambacho pistoni zote zinakizungusha. Ya kwenu imepasuka. Nimewaonyesha mafundi wengine wawili, wote wametikisa kichwa. Imeshachongwa mara nyingi mno, haina tena nyama ya kuchonga. Bila krenki nyingine, injini hii ni sanduku tu.

Nimezunguka maduka yote ya spea hapa, nikaenda Njombe, nikaenda Mafinga. Wanauza vya Fuso na Kanta. Nikitaja Bedfodi vijana wanatazamana. Duka moja muuzaji alimwita baba yake atoke ndani aje kuniona. Mzee akatoka, akanishika mkono, akanipa pole kama mtu aliyefiwa, akarudi ndani.

Nakutumia pistoni moja ya zamani uone ilivyoliwa, usije ukafikiri natunga.

Kuna mahali nimesikia krenki ipo. Siwezi kupataja sasa, maneno bado hayajaiva. Ila naomba nikuulize: marehemu hakuwa na krenki ya akiba? Angalia stoo, mama, na usimwambie mtu kwamba nimeuliza.

Mwanao,
Lameki


Lupembe,
19 Februari 2025

Fundi Lameki,

Pistoni imefika. Nimeigeuza juu chini, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikamwita Janeth mwenye macho yake mazima. Haina nukta. Sasa niambie hii pistoni ni ya nani.

Stoo nimeangalia. Ni kweli Elius alikuwa na krenki ya akiba. Aliifunga kwenye gunia na grisi nyingi, akailaza nyuma ya madebe ya mahindi, na watoto walikuwa wakichapwa wakikanyaga pale. Gunia lipo. Kamba yake ipo, na fundo ni lake. Nimelifungua. Ndani kuna ekseli kuukuu yenye kutu.

Mwizi wa kawaida hubeba akaenda zake. Huyu alikaa akatafuta chuma cha urefu uleule, akakilaza mle, akafunga kamba kama ilivyokuwa. Ni mtu anayejua krenki ni nini na anayeijua stoo yangu. Siku za msiba wanaume mlilala mle ndani kwa sababu ya mvua. Na wewe ulikuwemo, maana nilikuletea blanketi mwenyewe.

Nauliza kwa upole: umejuaje kwamba kulikuwa na ya akiba? Na kwa nini nisimwambie mtu?

Usinione mkali. Nimeshaibiwa na watu wa karibu. Mwaka 2009, nilipolazwa hospitali ya misheni kupasuliwa tumbo, wifi yangu Esnath alikuja kunitunzia nyumba. Niliporudi, kitenge changu cha tausi, kile Elius alichoninunulia nilipomzaa Stanley, hakipo. Esnath aliapa ameshika Biblia. Mpaka leo namsalimia, lakini simkaribishi ndani.

Pasaka haiko mbali. Nijibu maswali yote mawili.

Ida Mlelwa


Makambako,
24 Februari 2025

Mama Stanley,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Kuhusu nukta. Mama, vipande vyote vya injini tunaviosha kwa petroli kabla ya kuvikagua. Mwambie Janeth apake kucha zake, achovye kidole kwenye petroli kidogo, asugue. Halafu uniandikie umeona nini.

Kuhusu kujua. Marehemu aliniambia mwenyewe, mwaka kabla hajafa, alipoleta gari nimtazamie klachi. Nilimwambia siku krenki hii ikikatika tutalia. Akasema alikuwa na ya akiba. Nikauliza iko wapi, akacheka akasema iko mahali pazuri. Nilidhani ni stoo. Nilisema usimwambie mtu kwa sababu chuma cha namna hii kikijulikana kipo, watu wa chakavu hawachelewi. Sikuwa na lingine.

Mahali niliposikia sasa nakutajia. Ni hapa Kitandililo, kwa mzee mmoja anaitwa Hilari. Nimekwenda, akanionyesha. Anaitunza chini ya kitanda kwenye kitambaa, imepakwa grisi mpya, haijawahi kufungwa kwenye gari lolote tangu ilipochongwa. Nilitaka kulia. Mwishoni ina herufi E iliyochorwa kwa tindo.

Nikamwomba aniuzie. Akauliza ni ya gari la nani. Nilipotaja Lupembe alisimama, akaisukuma tena chini ya kitanda, akaniambia nina kazi nyingine nikazimalize. Nimerudi mara mbili. Mara ya pili hakufungua mlango, na moshi wa jikoni nilikuwa nauona.

Lameki


Lupembe,
28 Februari 2025

Fundi Lameki,

Janeth amejaribu petroli. Rangi imetoka yote na ngozi kidogo. Hilo la nukta nimelifuta.

Lakini mengine yameongezeka. Hiyo herufi E ni tindo la mume wangu. Alichora E kwenye jembe, kwenye jeki, kwenye benchi, hata kwenye kibao changu cha kusukumia chapati. Krenki iliyoko Kitandililo ni ya stoo yangu, sasa najua bila kubahatisha.

Na Hilari namjua kuliko unavyodhani. Alikuwa utingo wa Elius tangu wote wawili hawajaoa. Alikula kwangu, nilimfulia mashati. Mkatoliki yule, lakini hata Krismasi alikuwa akitoka misa anakuja kula kwetu. Halafu mwaka ule niliopasuliwa, nikiwa bado natembea nimejikunja, akaacha kuja. Nilipouliza, Elius alisema, "Mwache." Hakusema zaidi mpaka anakufa. Na kwenye mazishi ya mtu aliyepanda naye gari ujana wake wote, Hilari sikumwona. Nilikuwa najiuliza mtu anakosaje mazishi kama yale. Sasa nimeelewa. Mtu hawezi kulia juu ya jeneza la mwenye mali.

Hayo ya Hilari. Ya kwako ni haya. Jana Danieli alipokuwa anafunga mizigo akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mzee Hilari wa Kitandililo ni mjomba wako. Kaka wa mama yako, tumbo moja. Umeniandikia kurasa nzima, "mzee mmoja anaitwa Hilari", kama mtu uliyekutana naye stendi.

Nilipokuwa mizani, kikapu cha maji kilihitaji watu wawili, mmoja wa kukibeba na mwingine wa kunisemesha nisitazame chini. Naona mjomba amebeba, na wewe unanisemesha.

Mpe Danieli jibu lako leoleo. Kama huna jibu, mpe injini yangu.

Ida Mlelwa


Makambako,
5 Machi 2025

Mama Stanley,

Shikamoo.

Ni mjomba wangu, ni kweli. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukisikia utaandika barua kama hiyo uliyoandika. Nilitaka kwanza niipate krenki, niifunge, gari litembee, halafu nikwambie ukiwa umekaa kebini. Nimekosea hesabu.

Lakini injini sikupi. Ukiichukua sasa itaishia kwenye lori la chakavu la Stanley, na mimi nitakuwa nimethibitisha ulichosema. Nitakaa nayo mpaka Pasaka ipite. Ukitaka kwenda polisi nenda, nitawakaribisha chai.

Nakueleza pia jambo ambalo si rahisi mtu kuliandika juu ya mjomba wake. Hata mimi sasa namshuku. Nilimuuliza usoni kama aliiba. Hakukasirika, na mtu asiyekasirika kwa swali kama hilo mimi humwogopa. Alisema, "Kuiba sikuiba, lakini yangu siyo." Nikamwambia basi irudishe. Akasema hapo ndipo penye kazi. Nikamwambia huyu mama Pasaka anakatiwa gari. Akaniuliza kama Ida bado ana mwandiko ule wa kulala upande mmoja.

Halafu akasema neno moja, nami nakuletea kama lilivyo: "Aniandikie yeye mwenyewe. Akiuliza yeye nitamjibu. Akiuliza mwingine yeyote, nitakufa nayo."

Huku nyuma sijalala. Nimekwenda mpaka shamba moja la miti karibu na Kifanya, walisema kuna Bedfodi kwenye nyasi. Ilikuwepo, lakini injini ilishatolewa zamani, kuku wanataga mle. Mbeya walinionyesha krenki ya aina nyingine kabisa, wakaapa ni yenyewe. Kwa hiyo ni ya chini ya kitanda cha mjomba, au hakuna.

Lameki


Lupembe,
9 Machi 2025

Bwana Hilari,

Nimeambiwa niandike, nimeandika.

Krenki yenye E iliyoko chini ya kitanda chako ilikuwa kwenye stoo yangu. Ilitokaje? Nani aliweka ekseli kwenye gunia? Na uliwezaje kukaa Kitandililo ukila na kunywa siku ambayo Elius anafukiwa?

Nataka majibu matatu. Sihitaji salamu.

Ida Mlelwa


Kitandililo,
16 Machi 2025

Shemeji Ida,

Tumsifu Yesu Kristo. Umesema huhitaji salamu, lakini mimi siwezi kuanza kuandika bila hiyo, mkono hauendi.

Nilimwahidi Elius kwamba sitakwambia. Nikajiwekea mpaka wangu mwenyewe, kwamba ukiniuliza wewe kwa mkono wako sitakudanganya. Nimekaa miaka yote hii nikiomba usiniulize, na siku nyingine nikiomba uniulize. Sasa umeuliza.

Mwaka ule ulipolazwa, daktari alimwita Elius pembeni akamwambia ajiandae. Wewe hukuambiwa. Nilikuwa naye kwenye gari tukirudi Lupembe. Alisimamisha Bedfodi katikati ya mashamba ya chai, akazima, akalia mpaka akatapika. Sikuwahi kumwona hivyo, hata baba yake alipokufa. Akaniambia, "Hilari, namtolea Mungu kitu ninachokipenda ili aniachie Ida." Nikamwambia mtoe ng'ombe. Akasema ng'ombe hampendi.

Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwenu. Watu wameleta mahindi, kuku, viazi, vikapu vya maharage. Elius akaja na krenki. Aliiosha kwa petroli, akaifunga kitenge, tukaibeba watu wawili mpaka mbele ya madhabahu. Mchungaji aliitazama muda. Akaibariki. Baada ya ibada ikatolewa nje mnadani pamoja na kuku, na mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi hakujua aseme ni nini. Watu wakacheka. Elius alisimama pale pale, kofia mkononi, anawaacha wacheke.

Aliyepanda dau alikuwa mtu wa chuma chakavu. Sikuvumilia. Mimi Mkatoliki, nimesimama kwenye mnada wa Walutheri na viatu vya kazi, nikapandisha juu yake mpaka akaniachia. Niliinunua ili nimrudishie Elius. Ndivyo watu wanavyofanya, si ndiyo? Mtu anatoa jogoo wake, ndugu yake anamnunua, jogoo anarudi bandani kwake na Mungu ameshapata sadaka yake.

Jioni nikaipeleka kwenu. Elius alinizuia mlangoni. Akasema, "Ukiivusha kizingiti hiki umemrudisha Ida mautini." Wewe siku ile ulikuwa umeanza kunywa uji kule hospitalini. Nikamwambia hiyo ni imani ya chuma, si imani ya Kristo. Nilisema mengine pia. Nikarudi nayo wiki iliyofuata, na nyingine. Mara ya tatu alinisukuma, nikaanguka na krenki matopeni, akaniambia nisikanyage tena kwake. Sikukanyaga.

Ekseli aliiweka yeye. Aliniambia siku ileile ya mavuno, ili usione gunia liko tupu ukauliza. Nilimuuliza kwa nini usijue. Alijibu kwanza kwa mzaha, kwamba ungemuuliza kwa nini krenki ya akiba, kwa nini si ile iliyomo kwenye gari. Halafu akasema la kweli. Hakutaka ujue alivyoogopa, na watu wa kanisani aliwaomba wasikutajie, nao wakamheshimu.

Kuhusu mazishi. Nilikuja. Nilikaa kwenye Fuso ya watu wa Makambako barabarani, nikasikia kwaya, nikasikia udongo, nikarudi nao. Nisingeweza kula chakula cha msiba mbele yako, uniulize kwa nini niliacha kuja, nami nikudanganye mbele ya jeneza lake.

Sikuifunga kwenye gari lolote. Kila Pasaka naipaka grisi. Kitambaa chake sijakibadilisha, ni kitenge chenye tausi, kimekuwa cheusi lakini tausi mmoja bado anaonekana.

Sasa uamuzi ni wako, Shemeji. Ukitaka nitaipeleka gereji kesho, na Lameki ataifunga. Lakini nilimwahidi marehemu kwamba haitavuka kizingiti chake tena, nami sitaki kuwa mtu wa kumvunjia neno akiwa hawezi kunisukuma.

Shemeji yako,
Hilari


Lupembe,
23 Machi 2025

Shemeji Hilari,

Milele na milele, amina.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kupalilia, nikarudi nikaisoma. Danieli amepita mara mbili akiuliza kama kuna jibu nikamwambia apite.

Nimekuwa nikimwita yule Bedfodi mke mwenzangu. Nilitoka hospitalini nikiwa nimejikunja, nikamkuta Elius yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana nje, nami nikasema moyoni, tazama, hata leo. Hakutoka haraka. Sasa nadhani alikuwa analia kule chini, au alikuwa anaona aibu, sijui. Niliingia ndani peke yangu. Alikuwa amefagia stoo. Nilifikiri ni wema tu wa mtu ambaye mkewe amelazwa.

Nimekasirika naye, Shemeji, hata Esnath alimwacha aitwe mwizi. Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia. Angeniambia ningemcheka siku moja, halafu ningemwamini miaka yote iliyobaki. Badala yake nimeishi nikimpima.

Nimemwendea Esnath. Nilibeba kuku na sukari, nikaingia kwake kabla hajanikaribisha, nikamwambia kitenge kimeonekana na si yeye. Alilia, nami nikalia, kuku akatutoroka tukaenda kumkimbiza migombani, wazee wawili. Na mpwa wako Lameki mwambie nitamwandikia, ila kwanza nimalize kuona aibu.

Sasa krenki. Nimeifikiria sana. Mchungaji wetu wa sasa niliyemweleza anasema naweza kuichukua, kwamba neno la Elius halimfungi mtu. Ni kijana mzuri. Lakini yeye hakusimama pale na kofia mkononi akichekwa. Elius alisema isivuke kizingiti chake, na haitavuka. Mimi niko hai. Siwezi kusema hakusikilizwa, na siwezi kwenda kudai nirudishiwe alicholipa.

Lakini nilikuwa karani, nasoma kila neno lilivyoandikwa. Elius alisema krenki isiingie. Hakusema Bedfodi asitoke.

Kwa hiyo nimeongea na mwenye Fuso. Wiki hii wakati barabara imekauka kidogo atamvuta mke mwenzangu kutoka uani, Njombe, Makambako, mpaka kwako Kitandililo. Lameki aje na injini amfungie hukohuko. Kadi inabaki na jina la Elius. Atalala kwako, atafanya kazi kwako, utamtafutia dereva mwenye adabu. Nimeshamzunguka mara ya mwisho nikamfuta umande kwenye kioo. Ilinichoma, sitakudanganya.

Kitenge ni jambo lingine. Krenki ilikuwa yake, akaitoa. Kitenge kilikuwa changu, na hakuniuliza. Hicho kirudi, mpe Danieli.

Shemeji yako,
Ida


Makambako,
15 Aprili 2025

Mama Stanley,

Shikamoo mama.

Leo limewaka. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi mpaka majirani wa mjomba wakatoka na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua, halafu likatulia likaanza kuunguruma. Mjomba alivua kofia. Tumelipeleka mpaka barabara kuu na kurudi, halina neno.

Barua yako ya kuniomba radhi nimeipata. Haikuwa lazima, lakini nimeitunza. Kwa kuwa nakujua sasa, kila kipande nilichofunga nimekipaka nukta ya rangi ya kucha. Nimemwomba mke wangu chupa yake nzima. Safari hii hakuna wa kuosha.

Mwanao,
Lameki


Lupembe,
22 Aprili 2025

Shemeji Hilari,

Milele na milele, amina, na Pasaka njema iliyopita.

Stanley alifika Jumamosi na mtu wake wa chakavu, na lori, na mitungi ya gesi ya kukatia. Walikuta mawe manne na nyasi za manjano pale alipokuwa amelala. Stanley akaniuliza, "Mama, gari liko wapi?" Nikamwambia liko kazini. Alizunguka nyumba mara mbili kama anayetafuta kuku. Yule mtu wa chakavu nilimpa chai na mkate, akanywa akaondoka, si mtu mbaya.

Usiku wa Pasaka nilimpa Stanley barua yako asome. Alisoma akiwa amesimama. Alikuwa na miaka kumi na tano mwaka ule, na anasema anakumbuka watu wakimcheka baba yake kanisani. Yeye naye alicheka, anasema, kwa sababu wenzake walicheka. Asubuhi alinisaidia kuondoa yale mawe.

Lameki ameniambia kiwanda cha chai kimempa dereva wenu kazi ya kukusanya majani huku kwetu kuanzia Jumatatu, na kwamba utapanda naye siku ya kwanza kumwonyesha njia. Najua pia utataka kupitia nyumbani, na utajiuliza umfikishe Bedfodi wapi. Usimwingize uani. Msimamishe barabarani, penye mti wa mkaratusi uliokatwa. Nitatoka mwenyewe, na mimi siku hiyo napanda mbele. Esnath atakaa na Janeth nyumbani.

Piga honi sana, masikio yangu unayajua. Kitenge nimekifua mara nne na grisi haijatoka. Utaniona nacho.

Ida